Sumu ya shambani isipotelee kwenye jalada la hospitali

Msimu wa kupulizia dawa unapofika, wapo wakulima wanaofikishwa hospitali wakitapika, wakitokwa jasho jingi na kuumwa kichwa. Ni rahisi kudhani kuwa ni malaria au chakula kibaya. Daktari mwenye foleni ndefu akiandika "homa na kutapika" tu, kazi inabaki kwa mtunza kumbukumbu, ambaye lazima aupe ugonjwa huo namba.

Hapo ndipo mkulima anapopotea. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), toleo la 10, sumu ya viuatilifu ni T60. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti na kabameti ni T60.0, na dawa za magugu ni T60.3. Malaria isiyoainishwa ni B54. Namba ikikosewa, aliyedhurika na sumu anahesabiwa kuwa mgonjwa wa malaria.

Je, hili linamhusu nini mkulima wa pamba au nyanya? Linamhusu sana. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayosajili na kudhibiti dawa hizo. Takwimu zisipoonyesha waliodhurika, itapata wapi sababu ya kuibana dawa hatari? Hospitali nayo inaweza kuagiza dawa za malaria kwa wingi huku ikipungukiwa atropini, inayotibu sumu ya oganofosfeti.

Ushauri wangu ni kuwa watunza kumbukumbu wa hospitali mbalimbali wawezeshwe kuulizana kwa intaneti kuhusu majalada magumu. Aliye peke yake kituoni hubahatisha. Aliye na wenzake huuliza. Masharti ni mawili. Kwanza, jina la mgonjwa na chochote kinachomtambulisha viondolewe. Pili, maelezo yasipotosha, jalada lirudi kwa daktari, kwani hata watu kumi hawana ruhusa ya kubuni ugonjwa.

Wapo watakaosema kuwa wenzake nao wanaweza kukosea. Ni kweli, ndiyo maana kila jibu lipimwe kwa orodha yenyewe, na awepo mzoefu wa kuamua. Halmashauri zikitenga saa chache kwa wiki na fedha kidogo za intaneti, kazi hii inawezekana.

Nasi tuna wajibu. Mkulima, ukiugua baada ya kupulizia, mweleze daktari ulitumia dawa gani na lini, na uende na lebo yake. Muuza pembejeo, acha kupima dawa kwenye chupa za soda. Lebo ikibaki dukani, daktari ataandika nini?

Wafanyabiashara husema mali bila daftari huisha bila habari. Afya ya mkulima ndiyo mtaji wake wa kwanza. Nayo inahitaji daftari lisilokosewa.