Volkano ya Mayotte iliyotikisa ardhi hadi Thika bila watu kujua

Jumapili ya Novemba 11, 2018, yapata saa sita na nusu mchana, ardhi ya Thika na Ruiru ilitikisika bila mtu yeyote kuhisi. Mawimbi marefu ya mtetemo yalipita chini ya nyumba na machimbo ya mawe, polepole kiasi kwamba hata kikombe cha chai mezani hakikutingishika.

Chanzo kilikuwa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapo, baharini karibu na kisiwa cha Mayotte, ambacho wenyeji wake hukiita Maore. Mitambo ya Kenya, Zambia na Ethiopia iliyanasa mawimbi hayo, ambayo yalisafiri hadi Hawaii. Kilima Mbogo, mlima unaoonekana wazi kutoka Thika, una kituo cha kupima mitetemo kilicho katika mtandao wa dunia nzima. Ni wakazi wachache wa eneo hilo wanaojua kwamba jirani yao huyo husikiliza mpaka chini ya Bahari Hindi.

Kisiwani kwenyewe mambo hayakuwa ya kimya. Mitetemeko ilianza Mei 10, 2018, na siku tano baadaye likaja tetemeko la kipimo cha 5.9, kubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa katika visiwa vya Komoro. Familia zililala nje kwa hofu. Wataalamu walikuwa na vituo vichache mno vya vipimo kisiwani, hivyo hawakuweza kuwaeleza wananchi kwa haraka kilichokuwa kikitokea.

Jibu lilipatikana Mei 2019, mwaka mzima baadaye. Meli ya utafiti ya Marion Dufresne ilikuta mlima mpya wenye kimo cha mita 820 juu ya sakafu ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki ya Mayotte. Ramani za awali za sakafu hiyo hazikuwa na mlima wowote mahali hapo. Volkano hiyo, iliyopewa jina la Fani Maoré, ilimwaga zaidi ya kilomita 6 za ujazo za mawe yaliyoyeyuka, huku Mayotte ikididimia kwa sentimita kadhaa na kusogea upande wa mashariki. Mtetemo wa Novemba, kwa maelezo ya wanasayansi, ulitokana na mvumo wa ghala la mawe hayo yaliyoyeyuka lilipokuwa likipungua, mithili ya ngoma inayopigwa kwa ndani.

Swali gumu ni kwa nini ilizuka hapo. Kwa miaka mingi visiwa vya Komoro vimeelezwa kuwa zao la kitovu cha joto, yaani mahali ambapo joto la kina kirefu hupanda na kutoboa bamba la ardhi linalopita juu yake. Kwa hesabu hiyo, Mayotte ni kisiwa kikongwe kilichokwisha kuvuka kitovu hicho, na moto ulipaswa kutarajiwa Ngazidja, ambako Mlima Karthala ulilipuka mwaka 2005, 2006 na 2007. Lakini moto ulizuka kwa mkongwe.

Ndiyo maana watafiti wengine wanaitazama Komoro kama mahali ambapo bamba la ardhi linapasuka, katika mvutano uleule unaolitanua Bonde la Ufa. Hoja hiyo ina uzito zaidi, ingawa haifuti mchango wa joto la chini. Ikiwa ni sahihi, umri wa kisiwa si kinga, na ni kosa kuelekeza vipimo vyote kwenye mlima mmoja unaofahamika.

Kwa Thika na Ruiru, volkano si habari ya ugenini. Mawe ya kujengea yanayochongwa Juja na Ndarugu ni majivu ya milipuko ya kale yaliyogandamana, na maporomoko ya Chania yanaanguka juu ya miamba ya asili hiyohiyo. Tofauti ni kwamba hapa moto ulizimika zamani mno.

Fani Maoré haijaonekana kumwaga mawe mapya tangu Januari 2021. Hata hivyo, mitetemeko midogo imeendelea karibu na Petite-Terre, kisiwa kidogo chenye uwanja wa ndege wa Mayotte, na wataalamu wa mtandao wa uangalizi ulioundwa mwaka 2019 wanafuatilia gesi inayobubujika kutoka sakafu ya bahari, kilomita chache tu kutoka makazi ya watu.