Mpunga ghalani, sarafu mtandaoni: nani alikuwa anahesabu?

Kuanzia Mei, mavuno yanapoanza kuingia, mashine za kukoboa za Ifakara, Mang'ula, Mngeta na Mlimba hujaa magunia mpaka nje. Sehemu kubwa ya mpunga huo haukobolewi wala hauuzwi siku hiyo hiyo. Mkulima anauacha kwenye ghala la mwenye mashine akisubiri bei ya Januari au Februari, na anachoondoka nacho ni kikaratasi chenye idadi ya magunia, au jina lake kwenye daftari la mtunza ghala, au neno la mdomo tu. Mwenye mashine hadai kikubwa kwa kuhifadhi, kwa kuwa faida yake ipo kwenye kukoboa na kwenye pumba. Utaratibu huu unaweza kwenda vizuri misimu mingi mfululizo. Siku ghala likikutwa na upungufu, kila mtu huuliza swali moja: nani kaiba?

Swali hilo hilo limeulizwa kwa zaidi ya miaka kumi kuhusu ghala la aina nyingine, lililokuwa Tokyo, Japani. Nalileta kwenye kurasa hizi za kilimo kwa sababu vijana wa bonde la Kilombero wamekwisha kuanza kuchukua fedha ya mpunga na ya miwa na kuipeleka, kwa njia ya simu, kwenye sarafu za mtandaoni. Wengi wanadhani wamenunua sarafu. Kwa kweli wamenunua kikaratasi cha ghala.

Hebu tuone jinsi mambo yanavyokwenda. Sarafu kama bitcoin haina noti wala chuma. Ni maandishi kwenye daftari la miamala lililo wazi kwa dunia nzima, na mwenye sarafu ni yule mwenye ufunguo wa siri wa kuihamisha. Mtu anayetaka kununua huenda kwenye soko la kubadilishia sarafu, yaani kampuni inayopokea fedha zake na kumwandikia kwenye akaunti kwamba ana sarafu kiasi fulani. Lakini ufunguo unabaki na kampuni. Sarafu za wateja wote zimechanganywa mahali pamoja, kama mpunga wa watu mia mbili ndani ya ghala moja, na anayejua nani ana ngapi ni mwenye daftari la ndani.

Soko la Tokyo liliitwa Mt. Gox. Lilianzishwa na Mmarekani Jed McCaleb, naye mwaka 2011 akaliuza kwa Mfaransa Mark Karpelès. Miaka miwili baadaye sehemu kubwa ya bitcoin zilizouzwa na kununuliwa duniani ilipita hapo. Februari 7, 2014 soko likazuia wateja kutoa sarafu zao. Februari 28 likaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika na kutangaza kwamba bitcoin 850,000 hazionekani: 750,000 za wateja na 100,000 za kampuni yenyewe. Kwa bei ya siku zile zilikuwa na thamani ya karibu Dola za Marekani milioni 470. Mwezi uliofuata, 200,000 zikapatikana kwenye hifadhi ya zamani ambayo kampuni ilidhani ni tupu. Msomaji atafakari hapo: mtunza ghala anayesahau robo ya mzigo uliopotea, kisha anaukuta kwenye chumba cha nyuma.

Wizi wa nje au wa ndani?

Mabishano yakaanza, na wateja waligawanyika. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba wezi wa mtandaoni walitumia kasoro ya kitaalamu katika mfumo wa bitcoin: walitoa sarafu, wakabadilisha alama ya muamala, kisha wakadai hawajapata kitu ili walipwe tena. Maelezo hayo hayakudumu. Mwezi Machi 2014 watafiti wawili wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, walipitia kumbukumbu zao za miamala na kukuta kwamba kabla soko halijafunga milango, njia hiyo isingeweza kuchukua zaidi ya bitcoin 386. Kati ya mamia ya maelfu!

Basi wengi wakamgeukia mwenye soko. Januari 1, 2015 gazeti la Yomiuri la Japani liliandika kwamba ni karibu asilimia moja tu ya upungufu iliyoweza kuelezwa kwa uvamizi wa kutoka nje. Agosti mwaka huo Karpelès akakamatwa. Ukiwa mteja, ushahidi uliokuwa mbele yako ulikuwa unamwelekea yeye: daftari ni lake, ufunguo ni wake, na maelezo yake ya kwanza yalikwisha kukataliwa na wataalamu.

Wakati huo huo mhandisi mmoja wa Sweden aliyekuwa akiishi Tokyo, Kim Nilsson, ambaye naye alikuwa na sarafu zilizokwama, alikaa na wenzake kufuatilia daftari la wazi, muamala baada ya muamala. Aprili 2015 walitoa taarifa kwamba sarafu zilikuwa zimechotwa kidogo kidogo kuanzia mwaka 2011, na kwamba kufikia katikati ya 2013 hifadhi ilikuwa karibu imekauka. Ufuatiliaji wao ukaelekea kwenye soko jingine la sarafu, BTC-e. Julai 2017 Mrusi Alexander Vinnik alikamatwa Ugiriki akihusishwa na soko hilo. Ufaransa ilimhukumu mwaka 2020 kwa utakatishaji fedha, Marekani akakiri kosa la aina hiyo mwaka 2024, na Februari 2025 akarudishwa Urusi katika mabadilishano ya wafungwa. Juni 2023 Marekani iliweka wazi mashtaka dhidi ya Warusi wengine wawili, Alexey Bilyuchenko na Aleksandr Verner, ikidai kwamba waliingia kwenye mitambo ya Mt. Gox na kupitisha takriban bitcoin 647,000. Hayo ni madai ya waendesha mashtaka.

Na Karpelès? Machi 15, 2019 mahakama ya Tokyo ilimwondolea shtaka la kula fedha za wateja. Ilimtia hatiani kwa kosa jingine: kuchezea kumbukumbu za hesabu, na kumpa kifungo cha miaka miwili na nusu kilichoahirishwa kwa miaka minne.

Kwa mtazamo wangu hukumu hiyo ndiyo sehemu ya kisa hiki inayomhusu mkulima zaidi kuliko majina ya Warusi. Kila upande katika mabishano ulikuwa na chembe ya ukweli. Sarafu zilichukuliwa kutoka nje, kama waendesha mashtaka wanavyodai, lakini daftari la ndani nalo lilikuwa la uongo. Kwa zaidi ya miaka miwili ghala lilikuwa linapungua huku kila mteja akifungua akaunti yake na kukuta namba ile ile, hakuna kilichopungua. Soko liliendelea kupokea wateja wapya, na wateja hao walikuwa wanalipia tundu lililochimbwa kabla hawajafika. Mwizi wa nje hawezi kuchota miaka miwili mahali ambapo mtu asiyelipwa na mwenye ghala anaingia kuhesabu kila mwezi.

Bei ya Juni au ya Februari?

Upungufu ukishajulikana linakuja jambo ambalo wachumi wa kilimo tunalifahamu vizuri, nalo ni bei ya kufidia. Tuseme umeweka magunia 40 mwezi Juni gunia likiwa Sh 60,000, kwa nia ya kuuza Februari kwa Sh 110,000. Ghala linakutwa tupu mwezi Novemba. Mwenye ghala anakubali kulipa. Je, atakulipa Sh milioni 2.4 au Sh milioni 4.4? Akikulipa kwa bei ya Juni, amekula faida yote ya kusubiri, wakati wewe ndiye uliyevumilia kukopa ada ya shule ili usiuze.

Wateja wa Mt. Gox walikutana na hesabu hiyo kwa ukubwa wa kutisha. Chini ya sheria ya kufilisika ya Japani, madai yao yalithaminiwa kwa bei ya Aprili 2014, karibu Dola 483 kwa bitcoin moja. Desemba 2017 bei ilikaribia Dola 20,000. Sarafu zile zilizokutwa zikawa na thamani kubwa kuliko madai yote ya wateja kwa bei ya zamani, na kwa utaratibu huo ziada ingerudi kwa wenye hisa, na mwenye hisa nyingi alikuwa Karpelès mwenyewe. Wadai walipigania kesi ihamishwe, na Juni 2018 mahakama ikakubali iingie kwenye utaratibu wa kuifufua kampuni, ili walipwe sehemu kwa sarafu zenyewe. Malipo ya sarafu yalianza Julai 2024, miaka kumi baada ya milango kufungwa. Bado hayajakamilika, na muda wa mwisho umesogezwa hadi Oktoba 31, 2026.

Ghala ambalo halikuwahi kuwapo

Mt. Gox angalau lilikuwa ghala kweli, na mpunga uliingia. Yapo mengine ambayo ni ubao wa jina tu. Aprili 2025 soko lililojiita CBEX lilifunga njia za kutolea fedha, na waliolia zaidi walikuwa Wanigeria, pamoja na wenzao wa Kenya. Wateja waliambiwa waweke Dola 100 au 200 zaidi ili akaunti zao zithibitishwe. Ukiona ghala linadai gunia jingine ndipo likurudishie yaliyotangulia, hakuna cha kujadili kuhusu nani kaiba.

Hapa kwetu mtindo huo umevaa nguo za shambani. DECI, iliyopigwa marufuku mwaka 2009, iliwaambia wanachama wake "wapande mbegu" ili "wavune". Kampuni ya Mr Kuku Farmers ilichukua fedha za watu kwa ahadi ya faida kutokana na ufugaji wa kuku. Mwaka 2020 mkurugenzi wake alitiwa hatiani katika Mahakama ya Kisutu, na zaidi ya Sh bilioni 5 zilizokuwa benki zikataifishwa. Kutaifishwa maana yake zilikwenda serikalini. Mtu aliyeuza mpunga wake ili anunue vifaranga hao alibaki na stakabadhi.

Serikali yetu imekwenda kwa hatua zisizolingana. Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tahadhari kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ijiandae na mabadiliko hayo. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali. Mimi sina ugomvi na kodi, lakini mtu wa Kiberege akikatwa kodi kwenye jambo anaamini kwamba jambo hilo limekaguliwa. Kodi hiyo si leseni, na sheria iliyoileta haikumtuma mkaguzi kwenda kuangalia kama masoko hayo yana sarafu yanazodai kuwa nazo. Kenya, kwa upande wake, ilitunga sheria ya kutoa leseni kwa watoa huduma hizo Oktoba 2025.

Kinachoshangaza ni kwamba kwa mazao tulikwisha kulielewa hili. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 inataka mwendesha ghala awe na leseni, awe na dhamana, akubali kukaguliwa, na atoe stakabadhi inayotaja uzito na daraja la mzigo. Korosho, ufuta na kakao vimepita kwenye mfumo huo. Una matatizo yake, hasa ucheleweshaji wa malipo na makato ambayo wakulima wameyalalamikia sana, na sioni sababu ya kuyaficha. Lakini katika mfumo huo mzigo ukipungua, yupo anayejulikana tangu mwanzo kwamba ndiye atakayelipa, hata kabla mwizi hajapatikana.

Sasa turudi kwenye mashine za Ifakara, ambako mpunga mwingi uko nje ya mfumo huo. Nadhani vikundi vya wakulima na AMCOS vinaweza kuanza bila kusubiri Dodoma. Mpunga upokelewe kwa kilo kwenye mizani, kwa kuwa gunia la lumbesa na gunia la kawaida haviwezi kuandikwa "moja" na "moja". Daftari liwe na nakala mbili, ya pili ikae kwa katibu wa kikundi, nje ya ghala. Karatasi iseme, kabla mzigo haujaingia, kwamba ukipotea utalipwa kwa bei ya siku ya kulipa, sokoni Ifakara. Hapo mwenye mashine ataguna, na ana haki ya kuguna, pengine atadai ada ya kuhifadhi. Heri kulipa ada hiyo. Na kila mwisho wa mwezi wanachama wawili, wanaobadilishwa kwa zamu, waingie na kuhesabu safu za magunia mbele ya mtunza ghala. Ghala la magunia 2,000 lililopangwa vizuri ni kazi ya asubuhi moja.