Paa, Tangi na Friji



Kimbunga Kenneth kilipopita karibu na kisiwa cha Ngazija, Komoro, Aprili 2019, umeme ulikatika kijijini kwa mama yangu mdogo, na upepo ukang'oa mabati ya kituo cha afya anakochukulia dawa. Ana kisukari. Chupa zake mbili za insulini alizitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kamba, akauteremsha ndani ya birika la maji ya mvua, ambako angalau kuna ubaridi. Nilipompata kwenye simu nikamuuliza hali, akanijibu: "Mwanangu, mimi mzima. Dawa yangu iko birikani." Hadi leo kamba ile hainitoki akilini.

Insulini hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, sawa na chanjo nyingi za watoto wetu. Friji ikizimika, muuguzi hubaki mikono mitupu mbele ya mgonjwa. Maji nayo ni mtihani. Ngazija haina mto wa kudumu, kwa sababu mawe yake ya volkano hayashiki maji. Kwenye kisiwa jirani cha Nzuwani, mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima imekauka. Mkunga atanawa kwa maji gani?

Mwaka 2024 kipindupindu kiliingia Komoro na chombo kilichotoka Tanzania, na wagonjwa wakapita 10,000. Wengi wetu tuliotoka Unguja tuna bibi au babu Mngazija. Bahari inayotuletea jamaa hutuletea na maradhi yao, na sisi tukawapelekea yetu. Disemba ya mwaka huohuo kimbunga Chido kikaipiga Mayotte, na hata hospitali kuu ya Mamoudzou, iliyo chini ya Ufaransa na utajiri wake wote, ikaingia maji.

Mwaka 2017, kwenye mkutano wa tabianchi uliofanyika Bonn chini ya uenyekiti wa Fiji, Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango maalumu wa afya kwa nchi za visiwa vidogo. Ni hatua njema, lakini bati linasubiri msumari.

Namna ya kuupigilia inajulikana. Huko St Vincent, katika Karibiani, hospitali ndogo ya Georgetown ilikarabatiwa kwa msaada wa Uingereza: paa likaimarishwa, sola zikafungwa, matangi ya maji ya mvua yakawekwa. Mafuriko ya mkesha wa Krismasi 2013 yalipoharibu mifumo ya maji kisiwani, hospitali ile iliendelea kuwa na maji yake. Fedha hizo zilitoka kwenye kodi za Uingereza, nchi hii tunayoishi. Basi tumwandikie kila mmoja mbunge wake, tumuulize: na visiwa vyetu je?

Lakini tusingoje majibu. Karibu moja ya tano ya pato la Komoro ni fedha zinazotumwa na ndugu walioko nje. Kuchanga tunakujua: harusi, msiba, nauli ya mgonjwa anayepelekwa Dar es Salaam. Karibu michango yote ya ugonjwa huja baada ya mtu kuanguka. Ombi letu ni kwamba katika kila pauni kumi tunazochanga, moja iwekwe kando kwa ajili ya kituo kimoja cha afya kwa wakati mmoja: paa lililofungwa barabara, tangi la maji, friji ya sola. Kwanza tuwaulize wauguzi na wazee wa mji wanachohitaji. Na tuweke fungu la fundi kila mwaka, kwani betri huchoka, na friji isiyo na fundi hugeuka kabati.

Mama mdogo yu hai, alhamdulillahi. Kamba ile ameitundika nyuma ya mlango, anaiweka kwa ajili ya kimbunga kijacho. Natamani siku moja nimkute ameitumia kuanikia nguo.

Mhariri