Mchezaji si makapi ya muwa

Kila msimu wa usajili unapowadia, kurasa za michezo huvamiwa na kitenzi kimoja: kutema. Klabu fulani imetema wachezaji saba. Nyingine inajiandaa kumtema mshambuliaji wake ghali. Kitenzi hicho kikichosha, huitwa jamaa zake: mchezaji amepigwa kalamu, ametimuliwa, amemwaga unga. Mimi niishiye kwa kupima maneno sina ugomvi na utamu wa lugha hii. Ugomvi wangu ni na dhana iliyojificha ndani yake. Kinachotemwa ni kile kilichokwisha kutafunwa. Mtu akitema makapi ya muwa hayawii radhi, wala hayalipi.

Sasa msomaji na alitazame neno la pili, mkataba. Mzizi wake ni wa Kiarabu, k-t-b, uliotuzalia pia kitabu, katibu, katiba na maktaba. Mkataba ni kilichoandikwa. Mshahara nao umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Kwa hiyo mkataba wa mshahara ni miezi iliyoahidiwa kwa maandishi, na miezi ya namna hiyo haitemeki. Mtu aweza kumtema mchezaji, lakini miezi yake itabaki pale pale mezani pa mweka hazina.

Tuchukue mfano ambao kila shabiki anaujua. Klabu imemsajili mshambuliaji kwa miaka miwili, kwa mshahara unaozidi wa wenzake mara tatu. Mechi kumi na mbili zimepita na hajaona lango. Mashabiki wanazomea, kocha anamwinulia mabega mwenyekiti. Mchezaji huyo akibaki, anakula fedha na nafasi ya mwingine. Akiondolewa, fedha alizoahidiwa humfuata hadi mlangoni na nje ya mlango. Uongozi ufanye nini?

Wamarekani, katika kandanda yao ile ya kubeba mpira mikononi, wamelitafutia swali hili jibu la kihesabu. Tangu 1994 ligi yao imekuwa na kikomo cha mishahara: kila timu huwekewa kiasi ambacho haiwezi kukipita. Mwaka 2024 kiasi hicho kilikuwa dola milioni 255.4. Ukali wa kanuni hiyo hauko katika ukubwa wa tarakimu. Uko katika jambo moja: fedha alizohakikishiwa mchezaji huendelea kuhesabiwa ndani ya kikomo hata baada ya yeye kuondoka. Huko huitwa fedha mfu. Timu ya Denver Broncos ilimwongezea Russell Wilson mkataba Septemba 2022, miaka mitano kwa takriban dola milioni 245, kabla hata hajaichezea mechi moja ya ligi. Misimu miwili ya kuvunja moyo ikafuata. Machi 2024 wakaachana naye, na dola milioni 85 zikabaki katika vitabu vyao, kiasi cha milioni 53 mwaka huo na 32 mwaka uliofuata. Wilson akaenda kuchezea Pittsburgh kwa mshahara mdogo kabisa unaoruhusiwa, nao Denver wakaendelea kumlipa sehemu kubwa ya alichodai. Lakini maumivu hayo hayakuwaua. Msimu ule ule, wakiwa na kijana mgeni katika nafasi yake, walifuzu kwa hatua ya mchujo kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2015. Walijua kima cha kosa lao, wakakiandika, wakajipanga kwa kilichosalia.

Soka letu halina kikomo cha namna hiyo. Tulicho nacho ni kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, ambazo viongozi wengi wa klabu huanza kuzisoma siku wanaposhtakiwa. Kanuni hizo zasema kwamba mkataba hudumu hadi muda wake uishe, ama pande mbili zikubaliane, ama pawepo sababu halali ya kuuvunja. Je, kushuka kwa kiwango ni sababu halali? Sivyo. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo imelishikilia hilo mara nyingi. Klabu inayovunja mkataba kwa hoja hiyo hutakiwa kulipa thamani ya miezi iliyobaki, baada ya kupunguza kile ambacho mchezaji amepata kwa mwajiri mpya.

Niruhusiwe kidogo kulichokonoa neno hili kiwango, maana limefanywa hakimu wa watu. Linatokana na kitenzi cha zamani, kuwanga, yaani kuhesabu. Wanafunzi wakifungua kamusi watakuta kitenzi hicho kina pacha mwenye maana nyingine kabisa, kufanya uchawi. Kocha anapotangaza kwamba fulani ameshuka kiwango, natamani kujua ni kuwanga kupi kulikofanyika. Je, zilihesabiwa dakika alizocheza, pasi alizopewa, na wiki alizouguza goti? Au waliketi usiku watu watatu wakaona kwamba jina lake halivutii tena viingilio? Majaji walikataa kukifanya kiwango kuwa sababu halali kwa kuwa hakipimiki kwa mizani ambayo pande mbili ziliikubali siku ya kutia sahihi.

Kanda yetu ina kikomo cha aina yake, ingawa hatukiiti hivyo: kikomo cha vichwa. Ligi zetu huweka idadi ya wageni ambao klabu inaweza kuwasajili. Tanzania iliruhusu 12 msimu wa 2022/23. Kenya idadi imekuwa ndogo zaidi. Mgeni asiyecheza vizuri hukalia kiti ambacho klabu inakitaka kwa ajili ya mwingine, na hapo ndipo tamaa ya kutema inapozaliwa. Young Africans ya Dar es Salaam ilisajili mwaka 2022 kiungo wa Burundi, Gaël Bigirimana, aliyewahi kuichezea Newcastle United, pamoja na mshambuliaji wa Zambia, Lazarous Kambole, aliyetoka Kaizer Chiefs. Hakuna kati yao aliyepata namba ya kudumu, na wote wawili waliondoka. Mwaka 2023 FIFA iliifungia klabu hiyo kusajili hadi imlipe Bigirimana. Mwaka 2024 ikafungiwa tena kwa ajili ya Kambole. Wala Yanga haikuwa hohehahe. Mwaka huo wa 2023 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuziandika pembeni siku ile mchezaji alipopewa mkono wa kwaheri.

Kwetu Kenya hadithi ni chungu zaidi, kwa sababu fedha zenyewe hazikuwepo. Klabu zetu kubwa zilitia sahihi mikataba zikiutegemea mfuko wa mdhamini mmoja. Serikali ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kamari mwaka 2019, SportPesa ilisitisha udhamini wake, na Gor Mahia na AFC Leopards zikajikuta na ahadi zisizo na mwenyewe. Kocha Mnyarwanda wa Leopards, André Casa Mbungo, aliondoka akidai mishahara yake, akaenda FIFA, na FIFA ikampa haki. Mwaka 2021 Leopards ilipigwa marufuku kusajili wachezaji wapya kutokana na madeni ya waliokuwa makocha na wachezaji wake. Gor Mahia nayo ikafuata. Wasiojiwekea kikomo waliwekewa na deni, tena kwa wakati ambao hawakuuchagua.

Hadi hapa nimewataja wageni, na si kwa bahati. Majina ya wageni ndiyo tunayoyajua kwa sababu wao wana mlango wa FIFA. Mzozo wa ajira kati ya klabu na mchezaji husikizwa huko ukiwa na sura ya kimataifa. Mchezaji mwenyeji anayedai klabu ya nchi yake hana mlango huo.

Hapa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya familia za Waafrika, soka ni kazi ambayo vijana huiamini kuliko nyingi wanazohubiriwa shuleni. Kaloleni na jirani zake, Makongeni, Shauri Moyo, Bahati na Ziwani, zimezilisha klabu za Nairobi kwa vizazi. Kijana mmoja wa hapa, ambaye sitamtaja wala kuitaja klabu yake, alinijia jioni moja na simu mkononi. Ndani ya simu mlikuwa na picha za karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa mkataba wake, kwa Kiingereza cha mawakili. Aliupiga picha kwa siri siku ya kutia sahihi, kwa kuwa nakala yenyewe ilibaki ofisini. Ya pili ilikuwa barua isemayo kwamba yeye na klabu wameachana kwa ridhaa ya pande zote mbili. Alikuwa akidai mishahara ya miezi mitano. Alitia sahihi barua ile kwa sababu aliambiwa bila hiyo hatapata karatasi ya kumruhusu kuchezea kwingine.

“Mwalimu,” akaniuliza, “hii ridhaa yangu iko wapi hapa?”

Nimefundisha semantiki miaka mingi, na sijapata kuulizwa swali zito kuliko hilo darasani. Nilimwonyesha sentensi ilipo. Nilimweleza kwamba kanuni za FIFA humpa mchezaji haki ya kuvunja mkataba akikosa mishahara ya miezi miwili, baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15, na kwamba zinaitaja kuwa dhuluma tabia ya kumbana mchezaji ili aondoke mwenyewe. Nikamwambia pia kwamba tuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema kwamba akishtaki, klabu zote kumi na nane zitajua kabla ya jua kutua, na yeye ana miaka 24.

Sikuwa na jibu. Mgeni aliyevaa jezi moja naye, anayedai klabu ile ile, angelipwa chini ya tishio la marufuku. Huyu wa nyumbani ndiye hasa anayetemwa, kwa maana kamili ya kitenzi.

Kuna wanaosema tuweke kikomo cha mishahara kama Wamarekani na mambo yataishia hapo. Mimi nina shaka. Ligi ambayo tatizo lake kubwa ni mshahara kutolipwa haitibiwi kwa kuupunguza mshahara huo. Maisha ya mchezaji uwanjani ni mafupi, na asiponunua ploti akiwa na miaka 28 hataweza tena. Atakayepata mshahara mnono na aupate. Kinachofaa kuazimwa kutoka kwao ni ile hesabu ya fedha mfu: aliyeondolewa aendelee kuhesabika hadi shilingi yake ya mwisho, na jumla hiyo ipunguze uwezo wa klabu kusajili mwingine. Hapo mwenyekiti atafikiri mara mbili kabla ya kumpokea mshambuliaji uwanja wa ndege kwa ngoma na mashada.

Najua watakalojibu waweka hazina. Klabu zetu nyingi ni za wanachama, viingilio havitabiriki, mdhamini huja na kwenda kama mvua ya Nairobi. Ni kweli. Ndiyo sababu mshahara ulioahidiwa haupaswi kupita mapato ambayo yamekwisha kutiwa sahihi. Mwalimu aliyewahi kuajiriwa na bodi ya shule, akaambiwa asubiri hadi karo ilipwe, anaelewa vizuri kwamba mtu hali matarajio.

Na mikataba hiyo iandikwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza; sioni sababu ya kijana aliyepata alama nzuri katika insha ashindwe kuusoma mkataba unaommiliki miguu. Walimu wa kidato cha tatu na cha nne wangefanya hisani kubwa wakiuweka mkataba mmoja wa ajira mbele ya wanafunzi katika kipindi cha ufahamu, wakawauliza: nani anaahidi nini hapa, na lini? Wanafunzi watagundua upesi mahali palipoachwa wazi.

Shirikisho nalo linaweza kuanza kabla ya dirisha lijalo la usajili, bila kungoja sheria mpya bungeni. Lidai karatasi moja kutoka kwa kila klabu: majina ya wote walioondolewa, wageni kwa wenyeji, idadi ya miezi wanayodai, na jumla yake, ikiwa na sahihi ya kila anayedai. Klabu ambayo haijaileta karatasi hiyo isisajili hata mlinda lango wa akiba.