Tembeeni Mtazame

Vijana wa Lushoto hunena kwamba mji wao mdogo hauna pa kujifurahishia. Mbona njia ya Irente ipo, mwendo wa kilomita 5 hivi, mpaka kwenye genge ambapo huonekana Mazinde na nyika ya Wamasai? Masika ina utelezi, Julai ina baridi, lakini mwaka mzima hupitika.

Suratul-Ankabut, aya ya 20, yatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame uumbaji wa Mola. Basi wazazi, tokeni na watoto baada ya Alfajiri, mrejee kabla ya Adhuhuri. Mwiba mtakaoukuta njiani uondosheni; Mtume (S.A.W.) alilihesabu jambo hilo katika imani. Kijana asiyeonyeshwa pa kutembea hujitafutia pa kupotea.