Redio ya Barabarani Haina Siri

Yako mambo mawili yampasayo kila askari, wa jeshi au wa polisi, kuyafahamu kabla hajafunga katika gari lake redio ya raia, ile ijulikanayo kwa jina la CB. Kwanza, maneno yasemwayo humo ni ya kila mwenye kusikia. Pili, nguvu yake haimo katika uzuri wa kisanduku, bali katika antena. Wanunuzi wengi huvutwa na taa na vitufe, kisha huzungumza kana kwamba wameshika simu ya watu wawili.

Redio hizi zilistawi Marekani. Mwaka 1958 serikali ya huko ilizitengea chaneli 23 katika mawimbi ya megahezi 27. Mwaka 1977 zikawa 40. Mafuta yalipoadimika mwishoni mwa 1973, na mwendo wa magari ukapunguzwa hadi maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, madereva wa malori walianza kuambiana hewani mafuta yapo wapi na polisi wamejificha wapi. Polisi walipewa jina la dubu, kwa kuwa kofia zao zilifanana na ya dubu yule aliyechorwa katika mabango ya kuzuia moto wa misitu. Wako maofisa waliochukizwa. Wenye busara walifunga redio zile zile katika magari ya doria, wakasikiliza. Dereva aliyewaonya wenzake juu ya dubu asubuhi ndiye huyo huyo aliyemwita dubu jioni kwa chaneli 9, ambayo ni ya dharura, kumweleza habari za ajali au za mlevi aliyeshika usukani. Hata ile namba 10-4, ambayo madereva huitumia kujibu kwamba wamesikia, asili yake ni polisi. Kwa maoni yetu, polisi anayeiona redio ya dereva kuwa adui ajinyima sikio ambalo serikali haikulilipia hata senti.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Nguvu iliyoruhusiwa Marekani kwa sauti ya kawaida ni wati 4 tu, kwa hiyo redio ghali na redio rahisi hupeleka sauti karibu sawa: kilomita chache, na zaidi kidogo penye uwanda. Fedha na iende kwenye antena. Wimbi la redio hii lina urefu wa mita 11 hivi, na robo yake ni karibu mita 2.7, antena fupi mno hula nguvu. Mahali pake bora ni katikati ya paa la bati. Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikiwa karibu na betri hiyo. Kabla ya neno la kwanza, pima mawimbi yanayorudi kutoka kwenye antena: kipimo kikizidi 3, usibonyeze tena, kwani waweza kuunguza mtambo. Yule auzaye kikuza nguvu cha mamia ya wati akuuzia kosa la jinai.

Kuhusu kusema, askari ana wajibu kuliko raia. Jua linapochafuka, jambo lifikialo kilele kila baada ya miaka 11 hivi, mawimbi haya hugonga tabaka za juu za anga na kuteremka maelfu ya kilomita mbali. Neno lililokusudiwa gari la nyuma laweza kusikika nchi nyingine. Basi idadi ya magari ya kikosi, saa ya kuondoka, daraja litakalovukwa na jina la kamanda visitajwe humo kamwe, wala kwa mafumbo. Mafumbo ya askari waliochoka hufumbuliwa upesi. Habari za kazi zina mitambo yake.

Kadhalika, penye kazi ya kupasua miamba kwa baruti, zima redio kabla hujafika. Viwashio vya umeme vyaweza kulipuliwa na mawimbi ya mtambo ulio karibu, ndiyo maana mabango ya kuonya huwekwa kando ya njia. Wahandisi wa jeshi walijua hilo zamani. Dereva wa jeshi asiyelijua ni hatari kwao.

Marekani iliondoa leseni ya mtu binafsi mwaka 1983, lakini ruhusa hiyo haivuki mpaka. Uganda, Kenya na Tanzania kila moja ina mamlaka yake ya mawasiliano, na sare si kibali.

Ikitokea ajali mahali pasipo na mtandao wa simu, sikiliza kwanza kama chaneli i wazi. Bonyeza, ngoja kidogo, kisha taja mahali: barabara ipi, kutoka mji gani kuelekea upi, kilomita ngapi. Ndipo useme kilichotokea na majeruhi wangapi. Halafu achia kitufe, kwa maana kidole kilichosahauliwa juu yake chaweza kufunga chaneli nzima, na mwenye gari la wagonjwa akawa anakujibu wala humsikii.