Kamera Ifaayo kwa Ngoma za Usiku

Shule ya sekondari inayotaka kuhifadhi ngoma za Wapare kwa picha hukabiliwa na tatizo la fizikia kabla ya tatizo la fedha. Iwe Usangi, Mbaga au Same mjini, sherehe mara nyingi huendelea baada ya saa moja jioni, jua likiisha kuchwa. Nuru iliyopo ni ya taa chache, na wachezaji hawasimami.

Wauzaji husifu kamera kwa wingi wa nukta za picha. Sifa hiyo haimwokoi mpiga picha gizani. Linalopasa kuulizwa kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi. Namba f ni umbali wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu hilo. Lenzi ya milimita 50 iliyo f/5.6 ina tundu la milimita 9 hivi, iliyo f/1.8 ina tundu la milimita 28. Kwa kuwa mwanga hupita kwa kadiri ya eneo, ile ya pili hupitisha karibu mara 10 zaidi. Basi picha iliyohitaji mwanga wa 1/25 ya sekunde hupatikana kwa 1/250. Mguu wa mchezaji uendao mita 3 kwa sekunde husogea sentimita 12 katika muda wa kwanza, na picha hutoka na ukungu. Katika muda wa pili husogea sentimita 1.2 tu.

Wako watakaosema kwamba taa ya kamera yatosha. Lakini mwanga wake hupungua kwa mraba wa umbali: mchezaji aliye mita 12 hupata 1/16 ya mwanga umfikiao aliye mita 3. Wa mbele hupauka, wa nyuma humezwa na giza. Kuongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, husaidia kiasi, ila huleta chembechembe.

Kwa hiyo ni heri shule yenye fedha kidogo inunue kamera iliyokwisha kutumika pamoja na lenzi moja ya f/1.8, kuliko kamera mpya ya fahari yenye lenzi hafifu. Ni kweli kwamba lenzi hiyo haivuti vitu vya mbali, na sehemu inayoonekana wazi ni nyembamba. Mpiga picha hana budi kusogea na kulenga kwa uangalifu. Hayo hufunzika, tena kwa rula na hesabu za darasani. Wazee wanaojua hatua za zamani hawatacheza milele. Picha zao zapasa kupigwa sasa, na zipigwe zikaonekana.